Sifa ya Sonara

Wapitao vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa husifu nyundo ya sonara na moto wake, kwa kuwa ndivyo vinavyosikika na kuonekana. Mimi namsifu akifika kwenye kupachika kito, pale anaponyamaza.

Sonara aujuaye mtindo wa kundan, uliokuja na Wahindi, haketishi kito juu ya dhahabu kavu. Kwanza hulaza chini yake karatasi nyembamba ya metali iliyosuguliwa ikang'aa, ndipo akiweke kito na kukandamiza dhahabu safi pembeni mpaka kishike. Karatasi ile haionwi na mvaaji, lakini mwanga ukiingia kwenye kito ndiyo inayourudisha. Ikikunjamana kidogo, au unyevu ukapenya, kito hupooza. Na unyevu, kisiwani hapa, hatuna haja ya kuuagiza.

Wanafizikia nao wanapachika vito, ila vyao havionekani kwa macho. Nukta za kwanta ni chembe zenye upana wa nanometa 2 hadi 10 hivi, na nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Ndogo hutoa buluu, kubwa nyekundu, ingawa zote ni za dutu ile ile. Ndizo zilizowapatia Alexei Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023, na siku hizi zimo hata kwenye televisheni za madukani.

Iweke nukta karibu na chembe ya fedha uone. Elektroni za fedha huyumba pamoja na mwanga, nguvu ya mwanga hujikusanya pale, na nukta hutoa mwanga wake upesi zaidi. Edward Purcell alikwishaonyesha mwaka 1946 kwamba mazingira hubadili kasi ya utoaji huo. Lakini ukizigusanisha, nishati humezwa na metali ikawa joto, nukta ikazimika. Ukizitenga mno, metali haisaidii kitu. Basi hutandazwa kati yao utando wa nanometa chache, ukaongezwa, ukapunguzwa, mpaka nukta iwake vyema. Vifaa ni vya mamilioni, lakini anayeamua ni mkono wenye subira.

Walimu wa fizikia wa Mombasa, kabla ya kuchora mawimbi ubaoni, wapelekeni wanafunzi kwa sonara wakamtazame akiweka karatasi ile.