Tarantula Kariakoo

Bob Dylan aliandika Tarantula mwaka 1965 na 1966, nyimbo zake zikiwa zimepamba moto. Kitabu kikatoka 1971. Kisa hakuna. Mawazo yanapandiana kama abiria wanaogombea mlango wa mwendokasi, na kabla hujaelewa moja, limeshuka. Wengi walikiita upuuzi. Mimi nadhani kosa lake ni jingine: hakisemi na mtu.

Hapa Mtaa wa Kongo kuna maneno mengi kuliko humo. Kipaza sauti cha mmachinga hurudia bei ileile kutwa nzima, lakini kinamtaka mpita njia, tena mwenye hela. Remmy Ongala naye hakuwa bahili wa maneno. Ila katika “Mambo kwa Soksi” anayeambiwa anajulikana, ni mwanaume anayekwepa kondomu.

Kuna sehemu Dylan anapatia. Kila baada ya kurasa chache anaweka barua fupi, yenye saini ya jina la mzaha, na ghafla yupo mtu anayetaniwa, anayegombezwa. Hizo nimezisoma mara mbili. Zingetolewa peke yake, kijitabu chembamba, ningenunua.