Mkono wa Mfuga Mbwa

Mkoani Katavi mtu anayejua ng'ombe huheshimiwa. Humtazama ndama akipita mara moja tu na kusema huyu ana ndigana, na watu humwamsha usiku wa manane ili aende kutazama zizi la jirani. Anayejua nyuki naye ana heshima yake. Mrina asali wa Inyonga akizungumza, vijana hunyamaza. Anayejua mbwa hana hata cheo. Mbwa wetu hufungwa mnyororo mchana, hufunguliwa usiku abweke, hutupiwa ukoko wa ugali, na akifa tunasema amekufa, basi. Huyu asiye na cheo ndiye ninayetaka kumsifu, kwa sababu kazi yake ni ngumu kuliko ya hao wawili, na nchi hii ya miombo inamhitaji kuliko inavyodhani.

Ugumu unaanzia kwa mbwa mwenyewe. Ng'ombe akiumwa maziwa hupungua, na mwenye mali hushtuka kwa kuwa mfuko umeguswa. Mbwa huficha maumivu. Atakufuata shambani vijidudu vikiwa vinaila damu yake, na atatikisa mkia homa ikiwa imempanda. Kwa hiyo mfugaji hodari hangoji dalili zijitokeze, huzitafuta kwa mkono. Jioni kazi zikiisha humwita mbwa wake akampapasa kuanzia kichwani. Hukunja sikio na kuchungulia ndani. Hupitisha vidole kwapani, chini ya mkia na katikati ya vidole vya miguu, kwa kuwa huko ndiko kupe hupenda kujibanza. Huinua mdomo autazame ufizi: ukiwa wa waridi damu ipo, ukiwa mweupe au wa manjano pana jambo. Huubonyeza kwa kidole na kuuachia, aone rangi inarudi upesi kiasi gani, na kwa mbwa mzima haichukui zaidi ya sekunde 2 kurudi. Kisha hupita mbavuni: mbavu zinapaswa kusikika chini ya kiganja bila kuchomoza. Chai haijachemka, kazi imekwisha. Lakini hufanywa hata siku mbwa anapokuwa mzima kabisa, maana asiyeujua mwili wa mbwa wake ukiwa na afya hataujua ukiwa mgonjwa.

Kupe wa mbwa anastahili kuzungumziwa peke yake. Yule wa rangi ya kahawia hakai porini kama wenzake, hukaa nasi nyumbani. Akishiba damu hudondoka, hupanda ukuta na kutaga mayai kwa maelfu katika nyufa za matofali ya udongo. Ndiyo maana kumwogesha mbwa dawa peke yake ni kazi ya bure. Mwenye ujuzi huziba nyufa za kibanda, hukikandika upya kwa udongo, huchoma gunia ambalo mbwa hulilalia na kumtandikia jingine. Na dawa yenyewe huipima. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikimiminwa kwa kukisia juu ya mbwa wa kilo 15 inaweza kumuua kabla ya kupe, kwa sababu mbwa hujilamba. Kupe huyo huyo humwambukiza mbwa vijidudu vinavyoharibu damu: mbwa mmoja hutoka damu puani bila kupigwa, mwingine hukojoa mkojo wa rangi ya kahawa. Hapo mkono wa mfugaji umefika mwisho wake, na ustadi unaobaki ni kumfikisha kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Halafu kuna mbung'o. Habari ya mbung'o katika nchi hii ni ya zamani. Wakati wa ukoloni wa Waingereza, watu wa magharibi mwa Tanganyika walihamishwa na kukusanywa katika makazi makubwa kwa sababu ya malale. Watu tunakumbuka malale, wafugaji wanaijua nagana ya ng'ombe, lakini wachache hukumbuka kwamba mbwa anayeongozana na wachungaji porini hung'atwa na inzi hao hao. Kwake ugonjwa mara nyingi hujionyesha machoni: kioo cha jicho huingia ukungu wa bluu na weupe, huku mwili ukikonda na tezi zikivimba. Wengi husema ametemewa mate na nyoka, au ni uzee. Mfugaji mwenye jicho huuliza kwanza: mbwa huyu amepita wapi mwezi huu? Sindano inayotibu nagana humsaidia pia mbwa, ila kwake kipimo kinachoponya na kinachodhuru ubongo vimekaribiana mno, na lazima apimwe uzito. Hili si la kukisia kwa macho wala la kumwachia muuza dawa mnadani.

Kuhusu chakula nina neno zito. Mahindi yakivunda ghalani, usemi wa kwanza nyumbani ni huu: mpeni mbwa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na tangu hapo elimu imetolewa juu ya kukausha na kuhifadhi nafaka. Mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao huathiriwa vibaya sana na sumu hiyo hiyo. Unga usiomfaa mtoto haumfai mbwa. Ugali safi uliochanganywa na vichwa vya dagaa wa Ikola au Karema, mifupa ya kuku iliyopikwa ikiwekwa kando kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha, ni mlo mzuri kabisa, na gharama yake ni uangalifu tu.

Na maji. Oktoba, Mto Katuma ukiwa umebaki madimbwi na viboko wamebanana Sitalike, mbwa aliyefungwa juani hana njia ya kujipoza ila kuhema, kwa kuwa jasho lake hutoka kidogo tu nyayoni. Wapo majirani wanaojitenga na mbwa kwa sababu ya udhu, na nawaheshimu. Lakini hadithi ya Mtume inayomtaja mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake, wanaijua vizuri kuliko mimi. Karai la maji kivulini halimgusishi mtu mbwa.

Lililo kubwa kuliko yote ni chanjo ya kichaa cha mbwa, na hapa ustadi wa mtu mmoja huwa mali ya mtaa mzima. Karibu kila binadamu anayekufa kwa kichaa duniani ameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Aliyeng'atwa huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huenda hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano. Mbwa wakichanjwa asilimia 70 ya walio katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Pemba ilionyesha kwamba inawezekana. Wengine husema kwetu ni mbali, barua hufika kabla ya barafu ya kutunzia chanjo. Lakini utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa aina moja ya chanjo hiyo, ambayo kwa kawaida hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, hubaki na nguvu ikiwekwa kwenye nyuzi 25 kwa miezi 6, au nyuzi 30 kwa miezi 3. Majaribio nchini yameitunza katika vyombo vya udongo vinavyopozwa na maji yanayovukiza. Bibi zetu wameyapoza maji mtungini hivyo hivyo tangu zamani, na sasa ujuzi wao unaweza kuibeba dawa hadi Mishamo.

Faida ya kuchanja mbwa haiishii mitaani. Mwaka 1994 takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa, na wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijiji vya pembeni. Hifadhi ya Katavi, kilomita za mraba 4,471 zenye simba na mbwa mwitu, imepakana na vijiji vyetu. Mfugaji wa pembezoni mwa hifadhi anayechanja mbwa wake dhidi ya magonjwa yote mawili analinda pia wanyama ambao watalii huvuka bahari kuja kuwatazama, na hakuna anayemshukuru.

Siku ya chanjo ndipo utakapomtambua. Mbwa wengine huja wakiburutwa kwa waya, wakiuma kila mkono, kwa sababu hawajawahi kuguswa na mtu isipokuwa kwa kipigo. Wake huja kwa kamba ya katani iliyolegea. Ameuzoea mkono, anasimama, afisa mifugo anamdunga na kumwita anayefuata. Mfugaji anaipokea karatasi ya chanjo, anauliza tarehe ya mwakani, anairudia kwa sauti ili watoto waishike, na akifika nyumbani anaiweka pamoja na kadi zao za kliniki.