Volti 2 zimeshinda Gangilonga

Tuanze na ule waya. Waliokuwa sebuleni Gangilonga Jumamosi ile tulipokutana kusikiliza muziki walimwona mwenyeji wetu wa Iringa akiuchomoa kwenye tundu la hedifoni la laptop, akauchomeka kwenye DAC, kigeuzi cha sauti ya kidijitali kuwa ya analogi, iliyoletwa na wenzetu wa Mbeya, akarudi kukaa. Volyumu ya amplifaya hakuigusa. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe likatoka limenona, besi ikajaa chumba, na wimbo haujafika hata kati hukumu ikawa imeshatoka: DAC imeshinda, Iringa tumechelewa.

Zilizoshinda ni volti. Laptop nyingi, hata ukizifungulia hadi mwisho, hutoa kama volti 1 kwenye tundu lile. DAC ya mezani hutoa 2, kiwango tulichokizoea tangu enzi za mashine za CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982. Volti zikiongezeka mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 6. Tena sikio la binadamu, kama Fletcher na Munson walivyoonyesha mwaka 1933, halisikii besi vizuri sauti ikiwa ndogo. Pandisha sauti, besi inajitokeza yenyewe. Huo ndio unono tuliopigia makofi.

Dawa yake fundi yeyote wa redio pale Mwanjelwa, Mbeya, anayo mfukoni. Unapiga mlio mmoja wa hezi 400, unapima volti za AC kwenye vituo vya spika kwa multimeta, unasawazisha. Chanzo kimoja kikisoma 2.00, kingine kisishuke chini ya 1.98 wala kupita 2.02. Kisha mtu mwingine abadilishe waya bila kusema amechomeka wapi. Mafundi mitambo wa Radio Tanzania walioirekodi Morogoro Jazz, bendi ya Mbaraka, wasingethubutu kulinganisha chochote kabla ya kutazama sindano za mita. Sisi tuna simu yenye programu ya kupima kila kitu, na bado tunahukumu kwa kutikisa kichwa.

Mwaka 2007 Meyer na Moran, kule Marekani, walisawazisha hivyo. Walichukua rekodi za kiwango cha juu kuliko CD, wakazipitisha kwenye kigeuzi cha kiwango cha CD, wakawauliza wasikilizaji: ipi ni ipi? Majaribio 554, majibu sahihi 276. Ungerusha sarafu ungepata hayo hayo.



Sasa yale ninayoyasema hadi mhariri anachoka. Sebule yenyewe ina sakafu ya vigae, madirisha hayana pazia, na spika zimesukumwa kwenye kona hadi zinagusa ukuta. Nyimbo zilitoka kwenye flashi, MP3 za kilobiti 128. Kilichotupwa wakati wa kuzibana hakirudishwi na DAC ya bei yoyote. Na nyie wa bluetooth mliokuwa mnacheka pembeni: sabufa zenu zina DAC zake ndani, kwa hiyo ile mnayotaka kuagiza ya kuunga kwenye simu haitapitiwa kabisa.

Siwanyimi haki yao wenzetu wa Mbeya, ingawa kila wakishuka kuja huku huja na kifaa cha kutuelimisha. DAC ina kazi. Laptop inayovuma mara tu unapochomeka chaja, ule mngurumo unaopitia waya wa ethi, unakatika ukitumia DAC yenye waya wa mwanga, kwa sababu mwanga hauunganishi ethi za mashine mbili. Simu isiyo na tundu la hedifoni huihitaji pia, na kile kiunganishi kidogo cha bei poa mara nyingi kina DAC ndani yake, nzuri ya kutosha.

Halafu kuna TV bapa za siku hizi zenye tundu la mwanga tu, hazina matundu mekundu na meupe ya kwenda amplifaya ya zamani. Ya mwenyeji wetu ni ya aina hiyo. Pale kwenye TV ndipo DAC ile ilipopaswa kufungwa tangu mwanzo.