4×2: Kuisoma Fani ya Bahasha ya Dawa

Kati ya matini zinazosomwa kila siku nchini Tanzania, chache zina uzito kama ile inayoandikwa kwa kalamu juu ya bahasha ndogo ya dawa. Jina la mgonjwa, jina la dawa, kisha 1×3, 2×3 au 4×2. Mtunzi wake ni mfamasia au mtoa dawa mwenye foleni mbele yake, na msomaji ni mtu anayeumwa. Naihakiki fani hiyo kwa sababu naamini baadhi ya makosa tunayowalaumu wagonjwa kwayo yamo ndani yake.

Tuanze na alama ya kuzidisha. Katika hesabu, 4×2 na 2×4 ni kitu kimoja: nane. Katika dawa, ya kwanza ni vidonge vinne mara mbili kwa siku, na ya pili ni vidonge viwili mara nne. Mpangilio wa namba ndio unaobeba maana yote, lakini bahasha haisemi ipi ni ya vidonge na ipi ni ya mara. Kauli yenyewe haina kitenzi: meza, tafuna au yeyusha kwenye maji, vyote vimeachwa. Kubwa zaidi, haina saa. Amoksilini ya 1×3 inakusudiwa kila baada ya saa nane. Msomaji huzigawa dozi zake asubuhi, mchana na jioni: saa 1, saa 7, saa 1 tena. Mchana zinapishana kwa saa sita, halafu usiku mzima wa saa kumi na mbili unapita bila dawa. Ametii maandishi kikamilifu, na bado hakufuata tiba.

Upungufu huu unaonekana wazi kabisa kwenye dawa ya mseto ya malaria, ALu, yaani artemetha na lumefantrini. Mtu mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge 24 katika dozi sita kwa siku tatu: vinne hapo hapo, vinne baada ya saa nane, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Aliyeanza saa 10 jioni anapaswa kumeza dozi ya pili saa 6 usiku. 4×2 haiwezi kumwamsha. Itamwacha alale mpaka asubuhi. Wala haimwambii ale chakula chenye mafuta au anywe maziwa, ingawa bila mafuta lumefantrini hainyonywi vizuri mwilini.

Linganisha na baadhi ya pakiti za dawa hiyo hiyo zilizotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Vidonge vimepangwa dozi kwa dozi, na picha za jua na mwezi zinaonyesha wakati. Nafasi iliyo tupu humwonyesha mgonjwa alipofika, na vidonge vilivyosalia humwambia kwamba tiba haijaisha hata kama homa imeshuka. Fani hii ina mwanzo, mwendo na mwisho.

Matini hizi mbili zina walezi tofauti. Pakiti na lebo yake hupitiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kabla dawa haijasajiliwa. Bahasha huzaliwa kaunta, katika kazi ya wanataaluma wanaosimamiwa na Baraza la Famasi chini ya Sheria ya Famasi. Kwa hiyo maandishi ya kiwandani hukaguliwa kabla hayajasomwa, ilhali yale ya mwisho kabisa, yanayomfuata mgonjwa nyumbani, hutegemea mkono na haraka ya siku hiyo.

Watoa dawa watasema kwamba huwaeleza wagonjwa kwa mdomo. Ni kweli, na maelezo hayo ni nguzo ya taaluma yao. Lakini anayepokea dawa mara nyingi siye atakayemnywesha mtoto usiku. Bibi au shangazi aliyebaki nyumbani ana bahasha tu. Kwa hiyo Baraza lisisitize saa, chakula na siku ya mwisho viandikwe, na wakaguzi wazisome bahasha kwa umakini ule ule wanaoupa vyeti vya ukutani.

“Meza vidonge vinne sasa, saa 10 jioni, baada ya kula. Meza vinne saa 6 usiku. Kesho na keshokutwa, vinne asubuhi na vinne jioni, mpaka viishe.” Maneno haya ni marefu kuliko 4×2, na yanaongeza kazi kaunta. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mtoa dawa: mgonjwa aondoke na maelekezo anayoweza kuyafuata bila kukisia.