Mume Asiyesali na Mbingu ya Watu Wawili

Hapa Bariadi, na katika mkoa wetu wote wa Simiyu, nyumba yenye imani mbili si kitu cha kustaajabisha. Wamisionari wa African Inland Mission walikipokea kituo cha Nassa, ambacho leo kimo katika Wilaya ya Busega, mwaka 1909. Wakatoliki nao walikuja Usukumani. Lakini si kila nyumba iliyobatizwa yote kwa pamoja. Mara nyingi mama alibatizwa, baba akabaki na matambiko ya wazee wake. Ndiyo maana kuna swali moja ambalo nimelisikia kuliko maswali mengine yote ya dini: je, mwanamke aliyeokoka atamkosa mumewe mbinguni kwa sababu mume huyo hasali?

Mahubiri yetu hulijibu kwa ufupi. Kila mtu atasimama peke yake mbele ya Mungu, na ndoa huishia kaburini. Jibu hilo lina msingi wake, lakini humwacha mama na simanzi yake. Kwa hiyo niliposoma Mafundisho na Maagano, kitabu cha Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu huwaita Wamormoni, nilikisoma nikiwa na swali la mama huyo akilini. Mimi si muumini wa kanisa hilo. Nakipima kitabu kama msomaji tu.

Msomaji hana budi kutofautisha mambo mawili ambayo kitabu hiki hakiyachanganyi. Sehemu ya 76, ya mwaka 1832, yaeleza falme tatu za utukufu, na karibu wanadamu wote wataingia katika mmojawapo. Mume mwema asiyeipokea imani hatupwi motoni milele. Lakini sehemu ya 131, ya mwaka 1843, yaongeza kwamba ufalme wa juu nao una ngazi tatu, na ngazi ya juu kabisa haifikiwi ila kwa agano la ndoa ya milele, linalofungwa hekaluni. Kuokoka, basi, ni jambo la mtu mmoja mmoja. Kufika kileleni ni jambo la wawili. Hapo ndipo mama yetu anapokwama.

Haki ni haki: fundisho hili lilitokea katika nyumba iliyolijua tatizo. Lucy, mama yake Joseph Smith, alijiunga na Wapresbiteri, na mumewe akakaa mbali na makanisa hadi alipobatizwa siku ile kanisa la mwanawe lilipoanzishwa, tarehe 6 Aprili 1830. Alvin, kaka yake Joseph, alifariki mwaka 1823 bila kubatizwa, na kumbukumbu za familia zasema kwamba mchungaji kwenye maziko alidokeza kuwa kijana huyo amepotea. Mwaka 1836 Joseph alisema amemwona Alvin katika ufalme wa juu. Mwaka 1840 akaanza kufundisha ubatizo kwa niaba ya wafu.

Msukuma hahitaji kufafanuliwa sana jambo hilo. Sisi huwapa watoto wetu majina ya babu na bibi waliokufa, na hatujawahi kuamini kwamba kaburi hukata undugu. Kilichonivutia zaidi ni sharti moja: anayebatizwa kwa niaba ya marehemu hamlazimishi marehemu. Huyo aliyekufa, kwa mafundisho yao, anabaki na hiari ya kupokea au kukataa. Vivyo hivyo mume aliyekufa bila imani aweza kuunganishwa na mkewe hekaluni, naye akakubali au asikubali. Kwa mwenye imani hiyo katika Afrika Mashariki safari ya hekaluni ilikuwa ndefu mno, mpaka hekalu la Nairobi lilipowekwa wakfu mwaka 2025.

Sasa nieleze ninapotofautiana na kitabu. Sehemu ya 132, iliyoandikwa Julai 1843, ndiyo inayofafanua ndoa ya milele, na ndiyo pia inayohalalisha wake wengi, desturi ambayo kanisa lilitangaza kuiacha mwaka 1890. Humo Emma, mke wa Joseph, anatajwa kwa jina. Emma hakuwa mpagani. Alikuwa muumini aliyelikataa jambo moja la mumewe. Maandiko hayo yanamwambia kwamba asipotii ataangamizwa. Joseph aliuawa mwaka 1844. Wengi walipohamia magharibi, Emma alibaki Nauvoo, na mwaka 1847 akaolewa na mtu asiyekuwa wa kanisa hilo.

Tazama jinsi mambo yalivyopinduka. Aliyekufa anaulizwa kwa upole, aliye hai anatishwa. Na athari haikuishia kwa Emma. Hadi mwaka 1986 mwanamke ambaye mumewe hakuwa amepokea endaumenti ya hekaluni, naye kwa kawaida hakuruhusiwa kuipokea. Alilipa yeye kwa hiari ya mtu mwingine.

Viongozi wao husema kwamba mwaminifu aliyekosa nafasi hapa duniani hatanyimwa baraka huko mbele. Ni faraja, sikatai, lakini ina hatari yake. Mama anayeambiwa asubiri aweza kumtazama mumewe kama kazi ambayo haijakamilika, au hata kuweka tumaini lake katika kifo chake. Ndoa haiwezi kupata afya kwa mtazamo huo.

Dawa, kwa maoni yangu, imo katika mafundisho yao wenyewe. Utaratibu wa kanisa hilo umetaka mtu mwenye ndoa abatizwe kwa ridhaa ya mwenzake. Hata Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 imeijenga ndoa juu ya hiari ya wawili. Basi hiari ile anayopewa marehemu apewe na mume aliye hai, anayelima pamba yake na kulisha watoto wake bila kukanyaga kanisani. Akikataa leo, akataliwe kwa hoja, si kwa vitisho. Na mkewe asihesabiwe pungufu kwa sababu yake. Nasema hivi kwa Wamormoni, na nawaambia vilevile wahubiri wetu wa hapa Bariadi, ambao wengi wao hawampi mume huyo nafasi hata baada ya kufa.