Kabla Mkono Haujagusa
Umeme ukirudi mtaani tunashangilia, na hatuwakumbuki waliokuwa kwenye kituo cha kupoza umeme. Kule, kabla ya kugusa chochote, fundi huzima swichi, huipiga kufuli na ufunguo hukaa nao mwenyewe. Kisha hupima kama umeme umekatika kweli. Kipimo chenyewe hukijaribu kwanza penye umeme, na tena baadaye, maana kipimo kibovu nacho husema hakuna umeme. Ndipo huunganisha nyaya na ardhi. Kosa likitokea na cheche ikalipuka katikati ya nyaya, joto laweza kukaribia nyuzi 20,000 za Selsiasi. Shaba hugeuka mvuke. Kwa hiyo huvaa nguo nzito zisizoshika moto, kwenye jua lile la Dar es Salaam. Nailoni ingeyeyukia ngozini. Nasi tunapiga simu kuuliza mbona wanachelewa.