Redio ya Mtaa na Lugha ya Jirani: Uhakiki wa Hoja ya Redio Ndogo Mjini Lubumbashi

1. Utangulizi

Kila yanapozuka mazungumzo juu ya kuanzisha redio ya mtaa mjini Lubumbashi, iwe Katuba, Ruashi au Kenya (tuna maana ya komini yetu, si ile nchi), hoja tatu hutangulia: bei ya mtambo, kibali cha serikali na umeme. Hoja hizo ni za msingi, na hakuna redio iliyowahi kusimama bila kuzijibu. Lakini liko swali la nne ambalo kwa kawaida huachwa mpaka siku ya kwanza ya matangazo, nalo ni swali la lugha: redio hiyo itasema Kiswahili kipi, na ni nani atakayeijibu?

Makala haya yanakusudia kulihakiki swali hilo. Dai letu ni kwamba redio haiwi ya mtaa kwa udogo wa mtambo wake, wala haiwi ya mtaa kwa kutumia usemi wa watu peke yake. Inakuwa ya mtaa pale ambapo yule anayesemwa anaweza kujibu, kwa Kiswahili chake mwenyewe, mahali pale pale aliposemwa.

2. Mtambo mdogo na swali lake

Tuanze na mtambo, kwa sababu ndio unaowavutia wengi. Mawimbi ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka, na kwa hiyo kimo cha antena kina uzito sawa na nguvu ya mtambo. Kwa nadharia, antena iliyopandishwa mita 25 juu ya ardhi tambarare huuona upeo wa kilomita 20 hivi. Ikipandishwa hadi mita 50, upeo unafika kilomita 29. Aidha, anayetaka kuuongeza maradufu umbali wa mawimbi yenye nguvu ile ile mahali pasipo na vizuizi hana budi kuiongeza nguvu ya mtambo mara nne. Mafundi hutumia hesabu hizi kuonyesha kwamba mlingoti mzuri na wati chache hutosha kwa komini moja au mbili, na jambo hilo ni kweli.

Ushahidi wake si wa jana. Katika mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, kituo kidogo cha redio kilianzishwa Homa Bay, kando ya Ziwa Viktoria, nchini Kenya. Kilitumia mtambo wa bei nafuu wa FM na kutangaza kwa Kijaluo. Mnamo 1984 serikali ilikifunga. Mtambo ulikuwa mdogo kiasi cha kutoweza kuusumbua mji mkuu, lakini sauti yake ilionekana kuwa kubwa mno. Funzo la Homa Bay ni kwamba udogo wa wati haupunguzi uzito wa maneno. Redio inayosema lugha ya jirani kwa jirani ina nguvu ambayo kipimo cha fundi hakiioni.

Katika nchi yetu mlango ulifunguka baadaye. Hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990 iliruhusu vyama vingi. Sheria namba 96-002 ya tarehe 22 Juni 1996 iliweka taratibu za uhuru wa vyombo vya habari, na nafasi yake imechukuliwa na sheria ya tarehe 13 Machi 2023. Lakini hata kabla ya sheria ya 1996, mashirika ya raia ya Bukavu yalikwisha kuanzisha Radio Maendeleo katika mwaka 1993. Nayo ilifungwa na waasi wa RCD mwaka 1999, kabla ya kurudi tena hewani. Hapa Lubumbashi vituo vya FM viliongezeka. Kuna vya makanisa, vya wafanyabiashara na vya wanasiasa. Vingi vina mtambo mdogo. Hata hivyo, udogo huo haujavifanya kuwa vya mtaa.

3. Funzo la Mufwankolo

Mhakiki anayetafuta mfano wa redio ya mtaa mjini humu hana haja ya kwenda mbali. Kabla ya kuwako kituo hata kimoja cha mtaa, Lubumbashi ilikuwa na michezo ya redio ya Kundi la Mufwankolo, lililoongozwa na Kyembe Kaswili, ambaye watu walimjua zaidi kwa jina hilo la jukwaani. Michezo hiyo ilisikika redioni na baadaye ikaonekana kwenye televisheni, na lugha yake ilikuwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile kinachosemwa uani na sokoni. Wataalamu waliitambua thamani yake mapema. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha kitabu juu ya kundi hilo mwaka 1981, na Johannes Fabian akachapisha kingine mwaka 1990.

Kitabu cha Fabian kina jambo linalotuhusu moja kwa moja. Katika mwaka 1986 yeye na wasanii hao walizungumzia msemo usemao kwamba mamlaka huliwa mazima, wala hayagawanywi. Kundi likaugeuza msemo huo kuwa mchezo. Hapakuwa na maandishi ya kukaririwa. Wasanii walijadiliana juu ya maana ya msemo, wakapanga maonyesho kwa muhtasari, kisha kila mmoja akayatafuta maneno yake mwenyewe katika mazoezi, mpaka mchezo ulipochezwa katika kijiji cha Kawama, nje ya jiji, na kurekodiwa kwa ajili ya televisheni.

Tukiuhakiki utaratibu huo kama watu wa lugha, tunaona mambo mawili. Kwanza, katika mchezo usioandikwa, maneno ya mmoja hayana maana mpaka yapate jibu la mwenzake. Anayecheza chifu hajui atajibiwa nini hasa, na hivyo mamlaka yake hujaribiwa katika kila sentensi. Pili, lugha ya namna hiyo haiwezi kutafsiriwa kutoka Kifaransa, kwa sababu haikuwahi kuwa Kifaransa. Imezaliwa mdomoni.

Hata hivyo, tusiigeuze sifa kuwa wimbo. Kundi la Mufwankolo, katika miaka ya chama kimoja, lilikuwa mgeni katika nyumba ya serikali. Kipaza sauti hakikuwa chake, na ratiba haikupangwa naye. Wasikilizaji walicheka, wakajitambua katika mlevi, katika mke mwenye hasira na katika bosi mwenye majivuno, lakini hawakuwa na njia ya kuijibu redio yenyewe. Mchezo ulikuwa na majibizano ndani yake. Kituo hakikuwa nayo. Pengo hilo ndilo redio ya mtaa inalopaswa kuliziba.

4. Kiswahili kipi?

Jiji hili lilianzishwa mwaka 1910, kwa ajili ya shaba, na watu wake walikuja kutoka pande nyingi: Kasai, Rwanda, nchi inayoitwa leo Zambia na vijiji vya Katanga yenyewe. Kiswahili kilichowaunganisha kilipata sura yake. Edgar Polomé alikieleza mwaka 1968, na Ferrari, Kalunga na Mulumbwa wakakiandikia kitabu kizima mwaka 2014. Kwa ufupi, kina kiambishi ba- mahali pa wa- (batu, batoto), kina mu na ku mbele ya nomino mahali pa -ni (mu nyumba, ku soko), kina udogo wa ka- na tu- (katoto, tutoto), kina njo ya kusisitiza, na kimepokea maneno mengi ya Kifaransa. Hayo si makosa ya watu wasiojua. Ni kanuni, na mtoto wa Kamalondo huzijua kabla ya kuingia shule.

Juu yake kuna kile tunachokiita Kiswahili bora, cha kanisani, cha shuleni na cha taarifa za habari. Tuchukue mfano tulioutunga. Msomaji wa habari atasema: "Wakazi wa eneo hilo wamekosa maji kufuatia hitilafu iliyotokea mitamboni." Jirani atasema: "Mayi hakuna, batu beko banangojea tangu juzi." Tofauti ya sentensi hizi haiko katika viambishi tu. Katika ya kwanza, maji yamekosekana kwa sababu ya kitu kisicho na mwenyewe, hitilafu "imetokea". Katika ya pili kuna watu, na wanangoja. Anayengoja hungoja mtu. Msikilizaji wa sentensi ya pili atauliza mara moja: wanamngoja nani? Swali hilo ndilo mwanzo wa habari, na sentensi ya kwanza imelifunika kwa adabu.

Watetezi wa Kiswahili bora wana hoja zao, nazo hazistahili dharau. Wanasema kwamba Kiswahili sanifu hutuunganisha na Bukavu, Kigoma na Dar es Salaam. Kwamba mtoto anayesikia ba- redioni ataandika ba- katika mtihani. Kwamba redio ni shule. Tunakubali kwamba redio hufundisha. Lakini hufundisha pia ni nani mwenye haki ya kusema. Ikiwa mama anayeuza unga anajisikia kwamba ni lazima asahihishwe kabla ya kusikika, atanyamaza, na shule hiyo itakuwa imemfundisha ukimya. Korogocho, mjini Nairobi, vijana walioanzisha Koch FM mwaka 2006 katika kontena waliuruhusu usemi wao wa mtaani uingie hewani pamoja na Kiswahili. Hatuoni sababu ya Katuba kuwa na haya kuliko Korogocho.

Kwa hiyo rai yetu si kukifukuza Kiswahili bora. Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002 kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, inaonyesha kwamba habari za nchi nzima zinahitaji Kiswahili kinachoeleweka kutoka Kisangani hadi Lubumbashi. Kazi hiyo ina wenyewe. Redio ya mtaa ikiirudia kwa wati chache itakuwa mwangwi tu. Kazi yake ni nyingine.

5. Hatari ya ukaribu

Hapa uhakiki hauna budi kujigeukia. Tumesifu lugha ya jirani. Je, lugha ya jirani haiui? Nchini Rwanda, RTLM ilianza kutangaza Julai 1993. Mahali ambapo Radio Rwanda ilisema kwa ukakamavu wa kiserikali, RTLM ilileta utani, muziki na Kinyarwanda cha barabarani. Ilipendwa kwa sababu hiyo hiyo. Kuanzia Aprili 1994 ukaribu huo ulitumika kuwataja Watutsi kwa majina na mahali walipo, ili wauawe. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu waliohusika na vyombo hivyo vya habari.

Sisi wa Katanga hatuwezi kuisoma habari hiyo kama ya ng'ambo. Katika miaka ya 1992 na 1993 mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo hili. Wengi wao walizaliwa hapa, na lugha yao ya uani ilikuwa Kiswahili kile kile tulichokieleza hapo juu. Kusema lugha moja hakukuwalinda.

Basi usemi wa watu hautoshi kuwa kipimo. RTLM pia iliwapa watu wa barabarani kipaza sauti. Kilichokosekana ni kwamba aliyetajwa hakuwa na mahali pa kusema: "Mimi ndiye huyo, nisikilizeni." Katika mchezo wa Mufwankolo, anayeshutumiwa yupo jukwaani na ni lazima ajibu, la sivyo mchezo hauendelei. Katika redio ya chuki, anayeshutumiwa hayupo, na kutokuwapo kwake ndiko kunakouendesha mchezo. Tofauti hiyo, kwa maoni yetu, ni kubwa kuliko tofauti zote za viambishi.

6. Hitimisho

Kutokana na hayo, tunapendekeza kwa wale wanaoandaa redio za mtaa jijini mambo manne. Mosi, habari za mtaa zitungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, zisitafsiriwe kutoka Kifaransa, na mtangazaji aruhusiwe kusema kama jirani. Pili, michezo ya kutunga papo hapo irudishwe hewani, kwa kuwa haihitaji fedha nyingi, na urithi wake ni wetu. Tatu, haki ya kujibu, ambayo sheria ya 1996 tayari iliitambua, ipewe saa yake katika ratiba: aliyesemwa asubuhi ajibu asubuhi, katika kipindi kile kile, na asisahihishwe ba- zake. Nne, matangazo yarekodiwe na kuhifadhiwa. Katika hili wanafunzi wa idara za lugha wanaweza kusaidia kwa kuyanukuu, kazi ambayo itawafaa wao pamoja na mtaa.

Pendekezo la tatu ndilo gumu, kwa sababu linamgusa mwenye redio. Atakapokuja mtu kumjibu yeye, na si jirani tu, je, atamwachia kipaza sauti? Mtambo unaweza kununuliwa, na kibali kinaweza kupatikana. Jibu la swali hili haliuzwi, na kila redio ndogo italitoa hewani yenyewe, mbele ya majirani zake. Wahenga walisema penye wengi pana mengi. Redio ya mtaa ikubali kuyasikia hayo mengi, hata yanayoihusu yenyewe.